Acha Kuchimba Januari, Hata Kama Mashine Inalia

Kila Januari napokea swali moja kutoka kwa watu tofauti. Mtu ametazama video ya mzungu fulani huko Minnesota ama Ohio, amevaa jaketi kama godoro, anapitisha mashine ya kutafuta metali juu ya theluji. Mashine inalia. Jamaa anachapa ardhi na sururu mara kumi, anapiga magoti, anatoa sarafu ya fedha inang'aa. Video imeisha. Halafu huyo mtu ananiandikia: "Buda, hiyo mashine inaenda ngapi?"

Hakuna hata mmoja ashawahi kuniuliza kuhusu sururu.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenye watanichapa kwa maoni hapo chini: ardhi ikishaganda, mara nyingi jibu sahihi ni kwenda nyumbani. Na mtu akiwa na doo ya kuanza hii kazi, aanze kununua chombo cha kuchimbia ndio anunue mashine. Nasema hivi nikiwa na hatia, na hiyo hatia nitaieleza. Lakini kwanza tuelewane ardhi iliyoganda ni kitu gani, maana wengi wetu hapa barafu tunaijua ya friji.

Udongo una maji ndani yake. Baridi ikishuka chini ya sufuri, hayo maji yanageuka barafu na kushikanisha kila kitu: chembe za udongo, mchanga, mizizi, mawe madogo. Inaanzia juu inateremka chini polepole, wiki baada ya wiki. Kama udongo ulikuwa umelowa kabla ya baridi kuingia, unakuwa kama zege. Kule Minnesota kanuni za ujenzi zinataka msingi wa nyumba uende chini futi 3 na nusu upande wa kusini, na futi 5 upande wa kaskazini, ndio ukae chini ya mahali baridi inafika. Mimi mwenyewe nina futi 5 na inchi 4, kwa hivyo piga hesabu. Kitu cha karibu tunacho huku ni ile black cotton ya Kitengela wakati wa kiangazi, venye inapasuka nyufa za kuingiza mkono na jembe likigonga linarudi juu. Hiyo angalau ukimwaga maji na ungoje, inalegea. Ile ya kwao ukimwaga maji ukaenda zako, umeongeza barafu.

Sasa mashine yenyewe haijali hayo yote. Uga wake wa sumaku unapita kwa theluji na kwa barafu bila shida. Betri inaisha haraka kwa baridi na kioo kinakuwa kizito kuonyesha namba, lakini itakulilia vizuri tu. Ndio maana watu wanaharibu vitu: masikio yamepata habari njema, na mkono umeshika kitu cha kuvunjia mawe.

Haya, hatia yangu.

Binamu yangu anaishi Brooklyn Park, Minnesota. Anafanya kazi za usiku kwa nyumba ya kutunza wazee, na hiyo mashine alinunua ili apate kitu cha kumtoa nje na kumpumzisha akili. Mimi ndiye nilianza kumwambia anirekodie. Zile video za kiangazi zilienda poa sana. Ilipofika Januari hakuwa na kitu cha kunitumia, na mimi nikawa nampigia kila siku mbili: cuzo, watu wanangoja.

Kulikuwa na mama mmoja wanafanya kazi pamoja, mtu mzima, alikuwa amepoteza pete Novemba akikusanya majani uani kwake. Ilikuwa ya mamake marehemu. Vidole husinyaa kwa baridi na pete inateleza bila mtu kuhisi. Binamu akajitolea kuitafuta. Alienda Jumamosi saa saba mchana kwao, huku ilikuwa saa nne usiku, mimi niko ndani ya neti nimeshika simu, namtazama moja kwa moja. Baridi ilikuwa nyuzi kumi chini ya sufuri.

Mashine ikalia karibu na mti. Namba ilikuwa ya katikati, na hiyo namba ni mtihani, kwa sababu pete ya dhahabu na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda hulia karibu sawa. Alikuwa na kakoleo kadogo ka plastiki ka bustani. Kalivunjika pigo la pili, maana plastiki ikishikwa na baridi inakakamaa. Akajaribu bisibisi, ikateleza ikamkwaruza kiganja. Hapo akasimama, akaniambia kwa upole tu, "Wacha niweke alama nirudi Aprili."

Nina hiyo video mpaka leo na sauti yangu inasikika wazi. Nilisema, "Zii, hiyo ni kopo tu, chapa na sururu tumalize."

Gereji ya huyo mama ilikuwa na sururu. Binamu akachapa. Pigo la nne lilikuwa na sauti tofauti.

Ilikuwa pete. Ilikuwa sentimita mbili hivi chini, ndani ya mizizi ya nyasi. Ncha ya sururu iliikunja, na pale palikuwa na jiwe pakabaki tundu. Mama alitoka nje, akaiweka kiganjani, akaiangalia. Halafu akamuuliza binamu kama mikono yake imeganda, akamwingiza ndani akamtengenezea chai. Heri angemfokea. Mimi nilikata simu.

Kwa wiki kadhaa nilijitetea kwamba ni bahati mbaya. Enyewe haikuwa. Kitu cha kwanza tulikosa kufikiria ni hiyo pete imekaa hapo muda gani. Sarafu ya miaka mia moja huwa chini kwa sababu majani yameoza juu yake, nyoyoo wamepandisha udongo, nyasi imeota na kufa mara nyingi. Pete ya miezi miwili haijapata nafasi ya kuzama. Iko pale pale juu, imeshikwa na barafu nyembamba. Kwa sentimita mbili, maji moto kidogo kidogo na kitambaa juu yake yangelegeza hapo bila mtu kuinua kitu kizito.

Cha pili ni pesa. Binamu alimaliza akiba yote kwa mashine. Hakununua pinpointa, kile kijiti kifupi cha mkononi kinacholia ukikisogeza karibu na kitu chenyewe. Ukikipitisha juu ya nyasi kabla hujachimba na kilie hapo hapo, ujue kitu kiko karibu sana na uso wa ardhi, na sururu irudi gereji. Alitumia pesa nyingi kusikia kwamba kuna kitu, akabakisha ya kununua plastiki ya kukitoa.

Kwa hivyo nikinunua leo, naanza na kile chombo cha mkono kinafanana na kisu kipana cha chuma kigumu, kama vile vya Lesche vinatengenezwa Marekani. Kina meno upande mmoja kama msumeno, na pale mpini unaanzia kuna kizuizi ili mkono usiteleze ukaingia kwa makali. Meno ndiyo muhimu. Yanakata mizizi na yanakata ganda jembamba la barafu kwa kusugua, bila kupiga. Unapiga duara pana, mbali na pale mashine inalia, mbali kuliko unavyodhani ni lazima. Halafu unainua kipande chote kizima. Usikivunje hapo nje. Kitie kwa ndoo, kipeleke ndani kwa joto, kiyeyuke chenyewe. Hiyo mbinu haina msisimko wowote, na ndio maana hauioni kwa video.

Lile koleo la mpini wenye umbo la T, lenye mahali pa kukanyaga kwa mguu, ni zuri kwa shamba wazi wakati ardhi ni laini. Ardhi ikiwa imeganda kabisa, kurukia koleo ni kutafuta kuvunja mpini ama kifundo chako. Kuhusu sururu na mtaimbo, hivyo ni vyombo vya mitaro. Mtu anayechimba mtaro anajua hakuna kitu cha kuhurumia hapo ndani.

Kipimo changu ni vidole viwili. Ganda la barafu likizidi unene wa vidole viwili, naweka alama naenda. Alama iwe ya mbao ama plastiki, maana ukichomeka msumari, Aprili mashine itakulilia msumari. Pima hatua kutoka kwa mti na kutoka kwa ukuta pia, kwa sababu theluji ikishayeyuka ua wote unabadilika sura. Na kwa wale mko Marekani: kabla ya kuchimba hata kashimo kadogo, piga 811 siku chache mapema. Ni bure, na wanakuja kuchora rangi pale nyaya na mabomba ya gesi yamepita. Binamu hakupiga. Hilo nalo namshukuru Mungu lilipita hivyo.

Kuna msee ataniambia, "Lakini wale wa Ohio wanachapa na hakuna kitu kinavunjika." Wewe umeona video ya kile kilichopona. Ile sarafu iliyokatwa katikati nani anaiweka? Mimi yangu sikuiweka. Na hata bila kuvunja kitu, kile kipande cha nyasi unatoa kikiwa kimeganda kinavunjika vipande kama biskuti, hakirudi shimoni vizuri, nyasi inakufa, na mwenye ua hakuiti tena.

Mtu ninayempenda sana kwa hii kazi ni Eric Lawes, mzee wa Uingereza. Tarehe 16 Novemba 1992 alienda na mashine kwa shamba moja huko Hoxne, Suffolk, kutafuta nyundo ambayo rafiki yake mkulima alikuwa ameipoteza. Akapata vijiko vya fedha, vito vya dhahabu, sarafu juu ya sarafu. Akaacha kuchimba. Wakapiga ripoti, na kesho yake wanaakiolojia wakaja wakatoa mali nyingine pamoja na udongo wake kwa mabonge ili ipelekwe maabara. Zilikuwa sarafu 14,865 za Kirumi, na hazina yote ikathaminiwa pauni milioni 1.75. Kwa sababu mzee alisimama, iliwezekana kujua hata vile vitu vilikuwa vimepangwa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limeoza kitambo. Nyundo ilipatikana pia, na iko British Museum pamoja na dhahabu. Ukiniambia kuna mtu angefanya hivyo akiwa anarekodi moja kwa moja, sijui kama nitakuamini. Mimi nisingefanya.

Na nyinyi wa hapa mnaoniuliza bei ili muende Pwani kutafuta sarafu za kale, tulieni kidogo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa malikale, na kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Kuvitafuta kunahitaji leseni. Kwa hivyo hiyo stori ya kuamka Manda na mashine begani haipo. Kama ni ufunguo umepotea shambani kwa shosho, sawa, na huko utahitaji foki jembe na subira kuliko mashine.

Binamu bado ananitumia video, lakini sasa ni Mei hadi Oktoba tu. Pete ilipelekwa kwa sonara ikanyooshwa, na ukiivaa huoni kitu mpaka uguse ile kona. Jiwe ndilo hakuna. Ilipofika Aprili, ardhi ikiwa laini, alirudi pale chini ya mti akatoa udongo wote wa duara lile, mpaka ule uliorushwa na sururu, akaujaza kwa ndoo mbili. Mashine haiwezi kumsaidia, kwa sababu jiwe si metali, halilii. Ndoo ziko gerejini kwake. Akitoka shift anachekecha vikombe viwili vitatu kwa chekecheo ya jikoni kabla alale, na ndoo ya kwanza imefika nusu. Juzi nilimwomba anirekodie akifanya hivyo. Akasema hapana.