Bei ya Chumba na Bei Iliyo Chini Yake

Neno punguzo ni tamu masikioni. Muuza viungo wa Marikiti akikwambia amekupunguzia, basi mmekwisha kupatana: unatoa alichokitaja, anakufungia iliki zako, na kila mmoja ashika njia yake. Punguzo nitakalolizungumza leo, msomaji wangu, ni la namna nyingine. Ni lile la vyumba vya hoteli vinavyokodiwa kwa intaneti, ambalo huanza kwa kuondoa kisha likaongeza.

Waliobobea katika mchezo huu ni wenye hoteli wa Marekani, hasa wa mji wa Las Vegas. Huko kuna malipo yaitwayo ada ya mapumziko, yaliyoanza tangu miaka ya 1990. Mgeni huambiwa kuwa ni ya simu, intaneti, bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi. Asiogelee, asiguse simu, atalipa. Mimi ni mtu wa maneno, na kwangu malipo ambayo mtu hawezi kulala asipoyatoa ni sehemu ya bei ya chumba. Jina jingine lolote ni la kupamba.

Tufanye hesabu. Chumba kimetangazwa dola 40. Ada tuifanye dola 45, ingawa katika baadhi ya hoteli kubwa za huko sasa imepita 50. Kodi ya serikali ni zaidi ya asilimia 13, nayo hutozwa juu ya vyote viwili, chumba na ada. Dola 40 zilizomwita mtu zimekuwa zaidi ya 96 kwa usiku mmoja.

Kwa nini basi hoteli isitangaze 85 tangu mwanzo? Kwa sababu mitandao hiyo huweza kuvipanga vyumba kwa bei, cha rahisi juu na cha ghali chini, na mwenye kusema kweli hujikuta mkiani hana mgeni. Tena kwa miaka mingi makampuni ya kuuza vyumba yalikata kamisheni yao kwenye bei ya chumba, ada wakaiacha. Kila dola iliyohamishiwa kwenye ada ikabaki nzima kwa mwenye hoteli.

Hatari zaidi ni vile vyumba vya punguzo kubwa vinavyouzwa bila ya kutajwa jina la hoteli. Mteja huonyeshwa mtaa na idadi ya nyota, hulipa, ndipo jina likafunuliwa. Kughairi aghalabu hakuna, wala fedha hazirudi. Kijana mmoja wa ukoo wetu aishiye huko alinunua chumba cha namna hiyo alipokuwa akimpeleka mamake kulitazama lile bonde kuu la Arizona. Kwenye meza ya mapokezi akadaiwa ada ya siku tatu kabla ya kupewa ufunguo. Usiku umeingia, mama amechoka, mizigo iko chini. Angefanyaje? Alilipa. Wazee walitukataza kununua mbuzi guniani, na huyu hata gunia alitozwa.

Tuliosoma vyuoni twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Akaulizwa kwa nini ile iliyoloa hakuiweka juu watu wakaiona. Mafakihi nao wameshikilia kwamba anayekodi shurti aijue ujira anaolipa, ndipo ridhaa yake iwe ridhaa.

Marekani wamefika karibu na hapo kwa kuchelewa. Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliwaandikia barua za onyo wenye hoteli 22. Januari 2017 ikatoa uchunguzi uliosema kuwa kuitenga ada na bei humdhuru mnunuzi, kwa kumzidishia kazi ya kulinganisha. Mwaka 2019 mwanasheria mkuu wa jiji la Washington akaishtaki Marriott, na mwenzake wa Nebraska akaishtaki Hilton. Ikabidi kungoja hadi Mei 12, 2025, ndipo ikaanza kutumika kanuni ya kutangaza jumla yote ya lazima tangu mwanzo. Uingereza ilitangulia kwa mwezi mmoja. Lakini kanuni hiyo ya Marekani haikuipiga marufuku ada yenyewe, na kodi za serikali zaweza kuachwa nje ya bei hadi karibu na kulipa. Nafaka bado imeloa, ila imeamriwa iwekwe juu.

Ndugu zetu wa Pwani nao siku hizi wanakodi vyumba vya Makka na Dubai kwa simu zao. Saudia inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 tangu Julai 2020. Dubai, tangu 2014, hutoza dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, kwa kufuata daraja ya hoteli, na mara nyingi hulipwa pale pale mapokezi. Hizo ni haki za serikali, zinajulikana. Lakini mzee aliyejiwekea akiba ya Umra miaka sita, akidaiwa mlangoni, hana nafasi ya kutofautisha kodi na hila.

Kwa hoteli za hapa kwetu, kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza kumtoza mtu ada asiyoarifiwa kabla ya huduma. Kwingineko, kabla hujalipa, iandikie hoteli yenyewe uulize jumla ya siku zote, kodi na ada zikiwamo, na jibu lao ulichapishe karatasini uende nalo.