ASLO si ugonjwa

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaotuhudumia, tuseme wazi. Tumechoka kusikia "niko na ASLO" hapa Rumonge, kama vile mtu anavyosema "niko na malaria".

Mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Fizi alituonyesha karatasi ya labo ya mtoto wake: ASLO 400. Alikuwa ameuza blanketi ili alipe sindano. Tukamuuliza, mtoto anaumwa nini? Mgongo, tangu abebe maji. Homa hana, viungo havijavimba, na moyo wake hakuna aliyeusikiliza.

ASLO ni nini basi? Vijidudu vya streptokoki vikishika koo, mwili unatengeneza kingamwili, yaani askari wake. Kipimo kinahesabu hao askari. Wanafika kilele kati ya wiki 3 na 6, halafu wanabaki miezi. Ni kama nyayo kwenye mchanga wa Tanganyika: zinasema mtu alipita, hazisemi kama bado yuko. Labo nyingi zinaandika 200 kuwa mwisho wa kawaida, lakini mtoto wa shule asiyeumwa anaweza kupita hapo. Na sisi tunaobanana kwenye hema moja, nani atakosa nyayo?

Wengine wanasema afadhali kudunga tu. Hapana! Penisilini inaua vijidudu, haifuti nyayo. Ukidunga ili namba ishuke, utauza na sufuria.

Tena tukikimbiza namba, mwenye hatari anatuponyoka. Ni yule aliyeumwa koo, na wiki 2 au 3 baadaye ana homa, leo goti limevimba, kesho kifundo cha mguu, pumzi inakata. Hiyo inaweza kuwa homa ya rumatizimu, inayoharibu valvu za moyo. Huyo ndiye kipimo kinamsaidia, kwa sababu kinaongeza ushahidi juu ya dalili. Huyo ndiye anahitaji penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Anayedungwa hivyo kwa ajili ya moyo asiache kwa sababu ya maneno yetu.

Kwa hiyo tunadai: koo la mtoto litibiwe mapema, bila kuuza kitu. Moyo usikilizwe kabla ya karatasi. Na nyinyi wazazi wetu, mkiambiwa "ASLO", ulizeni: mtoto wangu ana ugonjwa gani? Atibiwe mtoto, si namba.