Uvivu Unaoamka Alfajiri

Uvivu wa kulala mchana kila mtu anaufahamu, na kila mtu huucheka. Lakini upo uvivu mwingine unaoamka alfajiri, ukavaa shati safi na kufika kazini kabla ya wenzake. Sisi tunaotengeneza programu za kompyuta tumeupa jina la heshima: maandalizi.

Nauzungumzia kwa sababu niliuishi. Niliombwa kutengeneza programu ya stoo ya dawa ya zahanati moja. Shida yao ilikuwa kujua mapema dawa ipi inakaribia kupitwa na muda, basi. Mimi nikaanza kujiandaa. Mwezi wa kwanza nililinganisha lugha za kuandikia programu. Mwezi wa pili nilichora mfumo ambao ungetosha hospitali ya rufaa. Mwezi wa nne nikasikia kuna zana mpya, nikafuta yote nikaanza upya. Kila jioni nilirudi nyumbani nimechoka kweli kweli, kwa hiyo sikujua kwamba nilikuwa ninaikimbia kazi. Mwezi wa saba mama mtunza stoo akaniita, akanionyesha maboksi mawili ya dawa za watoto yaliyopitwa na muda. "Mwanangu," akasema bila hasira, "hiyo programu yako bado inachorwa?"

Sikuwa na la kujibu.

Wapo watakaosema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini methali hiyo inamwonya anayekimbia, haimsifu aliyesimama. Aliyesimama ana yake: ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengine watasema programu mbovu ya dawa inaweza kudhuru watu. Nakubali. Ndiyo maana huanza na kitu kidogo, huku daftari la zamani likiendelea kuandikwa. Lakini programu isiyokuwapo nayo hudhuru, ila yenyewe haishtakiwi.

Tuwatazame walioanza. Ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wachache walitengeneza kwa siku chache, Januari 2008, tovuti waliyoiita Ushahidi. Mwananchi alituma taarifa ya aliyoyaona, ikawekwa kwenye ramani. Haikuwa kamilifu, na baadaye ilijengwa upya. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 liliikuta ipo, ikatumika.

Sasa tumtazame Ted Nelson wa Marekani. Alianza mwaka 1960 kuwaza Xanadu, mfumo wa maandishi yaliyounganishwa kwa viungo visivyokatika. Hata toleo lililotoka mwaka 2014 halikuwa kamili. Katikati ya miaka hiyo, Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake huko Geneva, Machi 1989, na kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na mtandao wa kurasa unaofanya kazi. Viungo vyake hukatika mpaka leo. Lakini ndivyo dunia inavyovitumia.

Kinachotuzuia si ujinga wala uchache wa zana. Ni woga. Mchoro ukutani hauwezi kukosea. Programu ikifunguliwa mbele ya mtu hukosea pale pale, na kosa lina mwenyewe. Ndugu msomaji, kama una kazi unayoiandaa tangu mwaka jana, usijiulize imebaki nini kuandaa. Jiulize unaogopa nani aione.

Siku ile niliacha mchoro wangu. Niliandika ukurasa mmoja: jina la dawa, idadi, tarehe ya mwisho, na iliyo karibu kuisha muda ikae juu. Ilinichukua mchana mmoja. Mama aliutazama, akacheka: dawa ya maji nilikuwa nimeihesabu kwa vidonge. Nikasahihisha akiwa amesimama hapo hapo.

Lilikuwa kosa langu la kwanza lenye faida katika miezi saba.