Nani Aliyemwekea Mfinyanzi Gae?

Msomaji, ipo methali ya wazee wetu isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kuwa yule afinyangaye vyungu vya watu wote, yeye mwenyewe hupakua chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii hutajwa darasani na barazani, watu wakacheka, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nakuomba leo usicheke upesi. Uliza kwanza: gae lile nani alimwekea mfinyanzi? Je, alilichagua mwenyewe, au sisi tulichukua chungu kizima kwa bei ya gae?

Nadai katika insha hii kwamba umaskini wa mfinyanzi hautoki katika udongo wala katika mikono yake. Watoka katika dharau yetu. Na dharau haizaliwi na mtu, hufundishwa. Kitu kilichofundishwa chaweza kuondolewa kwa mafundisho yaliyo bora, na hiyo ndiyo sababu nimechagua kusema nawe uliye shuleni.

Nenda katika soko lolote la mashambani ambako vyungu vyauzwa hata leo. Utamwona mama ameketi chini, mitungi yake imepangwa mbele yake juu ya majani makavu. Katika nchi ya Waluo, ya Wakamba na ya Wagikuyu, ufinyanzi tangu zamani ni kazi ya wanawake. Binti hujifunza kwa mama, na pengine mke kwa mama mkwe. Mama huyu alichimba udongo akaubeba mgongoni au kichwani. Aliuloweka, akaukanda, akautoa mawe na mizizi, akauchanganya na mchanga au na magae ya zamani yaliyosagwa, ili chungu kisipasuke motoni. Aliviringa kamba za udongo akazipandisha moja juu ya nyingine, akazikwangua zikawa ukuta mmoja, mwembamba na ulio sawa pande zote, pasipo kipimo ila jicho lake. Alianika kazi yake kivulini kwa siku kadhaa. Kisha alipanga kuni na nyasi, akawasha moto, akangoja. Vingine viliiva na vingine vilipasuka. Vilivyopasuka havikulipwa na mtu.

Sasa anakuja mnunuzi. Anaugonga mtungi kwa kidole asikie mlio wake, anauliza bei, anataja nusu yake. Mama anapunguza, naye anapunguza tena. Mtu huyu yamkini jana alilipa bila neno bei ya kikombe kilichotoka ng'ambo, ambacho mashine ilitengeneza kwa maelfu, vyote sawa kama punje za mchele. Anapochukua mtungi wake na kuondoka, jambo moja hakulifanya: hakuuliza jina la aliyeufinyanga. Naye mama hakuliandika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitaka.

Tazama basi upande wa pili. Katika karne iliyopita ilizuka namna ya wafinyanzi ambao nitawaita wafinyanzi wa karakana. Mfinyanzi wa karakana hufanya kazi mahali pake mwenyewe, huwaza umbo, huliumba na kulichoma, kisha hutia alama yake chini ya chombo. Mwaka 1920 Mwingereza Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada walianzisha karakana ya namna hiyo huko St Ives, Uingereza, na wengi wakaifuata nyayo. Chombo cha mtu wa namna hiyo huwekwa juu ya meza nyeupe, katika nyumba yenye mwanga, na watu hukizunguka kimya kimya kama wanaozunguka kaburi la shujaa. Udongo ni ule ule. Moto ni ule ule. Mikono haina vidole zaidi ya vile vya mama wa sokoni. Tofauti iliyo kubwa kupita zote ni jina, na bei huandamana na jina kama kivuli na mtu.

Labda utasema kwamba heshima ya namna hiyo ni ya watu wa nchi za mbali. Basi sikiliza habari ya Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alijifunza michoro ya matangazo hapa Kenya, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo ya sanaa. Huko ndiko alikokutana na udongo, na huko ndiko alikokutana na Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach, aliyekuwa ameanzisha chuo cha ufinyanzi katika mji wa Abuja, Nigeria, ambao leo huitwa Suleja. Cardew alimshauri aende huko. Katika miaka ya 1974 na 1975 binti huyu wa Kenya alikaa Abuja akijifunza kwa wanawake wa Kiafrika kazi ambayo wanawake wa kwao waliifanya kila siku.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Ladi Kwali. Mwanamke huyu alizaliwa katika kijiji cha Kwali, akafundishwa kufinyanga na shangazi yake. Mitungi yake ilikuwa mizuri hata ikawekwa katika jumba la Emiri wa Abuja, na humo ndimo Cardew alimoiona. Mwaka 1954 aliingia katika chuo kile, akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi humo. Alionyesha ufundi wake Ulaya na Marekani. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, na baada ya kufa kwake mwaka 1984 nchi yake haikumsahau: picha yake akiwa kazini imechapwa katika noti ya naira 20. Fikiri, msomaji. Taifa zima hutoa mfukoni sura ya mfinyanzi linaponunua mkate.

Odundo alirudi Uingereza, akasoma mpaka akapata shahada ya uzamili katika Royal College of Art mwaka 1982. Kazi zake leo zimo katika British Museum ya London na katika Metropolitan Museum of Art ya New York. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu cha Uingereza, na mwaka 2020 akatunukiwa cheo cha Dame. Vyombo vyake huuzwa kwa fedha ambazo zingejenga shule.

Je, ana mtambo wa ajabu? Hana. Hatumii hata gurudumu la mfinyanzi. Huinua kuta za chombo kwa mkono, kamba ya udongo juu ya kamba, kama yule mama wa sokoni. Hukwangua kwa kipande cha kibuyu. Hupaka uji wa udongo laini, akausugua kwa jiwe lililo laini mpaka ung'ae bila kupakwa kioo cha rangi. Kisha hutia motoni. Chombo kikipata hewa ya kutosha hutoka chekundu kama machweo. Kikifungiwa pamoja na vipande vya kuni na kunyimwa hewa hutoka cheusi chenye kung'aa. Udongo mmoja, rangi mbili, kwa sababu ya hewa tu. Ukitazama shingo ndefu za vyombo hivyo na matumbo yao ya mviringo, wadhani waona mtu amesimama, anageuka kukuitikia.

Nami sisemi haya ili umtukuze mtu mmoja. Nasema ili uone aibu pamoja nami. Ilimlazimu Mkenya avuke bahari ili aambiwe kwamba udongo una heshima, kisha arudishwe Afrika kujifunza kwa mama zake. Kama angebaki, nani kati yetu angemwambia?

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba ufinyanzi ni kazi ya wasiosoma. Aliyesema hivi hajui kilichomo ndani ya chungu. Udongo uliokauka kivulini bado una maji. Yaliyo kati ya chembe zake yakigeuka mvuke kwa ghafula hupasua chombo; ndiyo sababu moto huanza polepole. Mengine yamefungwa ndani ya chembe zenyewe, wala hayatoki mpaka joto lifike kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, na yakisha kutoka udongo haurudi tena kuwa tope. Atakaye kutia kioo juu ya chombo sharti ajue silika na madini, na atakaye chombo kigumu kisichonywa maji sharti apandishe moto kupita nyuzi 1,200. Hii ni kemia. Bibi aliyeanika mtungi wake kwa subira aliijua kanuni kabla hujafungua kitabu chako. Yeye alikosa cheti tu.

Jibu la pili ni kwamba sufuria na plastiki vimeushinda udongo. Kwa jikoni nakubali kwa sehemu. Sikutaki uvunje sufuria za mama yako. Lakini mpiga picha hakumwua mchoraji, wala gari halikumzuia mtu kukimbia. Tena udongo haujatoka jikoni. Lile jiko la makaa lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lenye bati nje, lina udongo uliochomwa ndani yake, nao ndio ushikao joto na kuokoa makaa. Ulikula jana chakula kilichoivishwa na kazi ya mfinyanzi, nawe hukujua.

Jibu la tatu ndilo zito: kwamba ufinyanzi haulishi mtu. Hapa sitakudanganya. Wafinyanzi wa karakana waliotajirika ni wachache mno. Walio wengi huishi kwa kuunga kazi kwa kazi: huuza, hufundisha, hupokea maagizo ya hoteli na nyumba, huonyesha kazi zao, hungoja. Odundo mwenyewe alifundisha kwa miaka mingi. Lucie Rie, mkimbizi aliyefika London kutoka Vienna mwaka 1938, alifinyanga vifungo vya nguo apate riziki, ilhali leo bakuli zake ni hazina za makumbusho. Huko Karen, Nairobi, kiwanda cha Kazuri kilichoanzishwa mwaka 1975 kimewapa mamia ya wanawake kazi ya kutengeneza shanga za udongo. Riziki ipo, lakini haiji kwa mtu aketiye. Na sasa nakuuliza wewe usemaye kwamba haulishi: ni kazi gani italisha mtu ikiwa majirani zake wote wameazimia kutoilipa? Tunamnyima mfinyanzi bei, kisha twaonyesha njaa yake kuwa ushahidi wa ubovu wa kazi yake. Hiyo ni hoja ya mwizi aliyemcheka mtu uchi baada ya kumvua nguo.

Jambo hili lakuhusu leo kuliko lilivyowahusu waliokutangulia. Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mbele yao palikuwa na mikondo mitatu: wa sayansi na hisabati, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo. Serikali imeufungua mlango wa tatu. Walakini mlango uliofunguliwa kwa sheria waweza kufungwa kwa cheko. Mzazi akisema kwamba mtoto wake hakwenda shule kuchezea matope, na mwalimu akipeleka katika sanaa wale tu aliowakatia tamaa, mkondo ule utakuwa jaa la nyumba ya elimu, na methali ya gae itatimia tena kwa kizazi kingine.

Basi fanya mambo matatu. Unaponunua chungu, uliza jina la mfinyanzi, ukalitaje nyumbani. Bei ikiwa ni ya haki, lipa bila kumnyong'onyesha mtu. Na kama mikono yako yapenda kuumba, usiifiche kwa kuogopa kuchekwa: itafutie mwalimu, nawe soma kemia yako kwa bidii, kwa maana utaihitaji. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Walimkusudia mtoto, nawe bado u maji.

Nilisema kwamba magae ya zamani husagwa yakachanganywa na udongo mpya. Mfinyanzi hufanya hivyo kwa kuwa gae limekwisha kuonja moto, na chungu chenye gae ndani yake hustahimili moto kuliko kingine. Haya ndiyo matumizi yaliyo bora ya lile gae tulilomwekea mwenzetu. Tusilie tena humo, wala tusimwache yeye alie humo. Tulisage.