Eti haki ya dereva ni kukataa kupuliza

Najua nimepotea, msinilaumu, ni hizi zamu za usiku. Sydney baridi imeanza kuuma na unga wangu wa sembe umekwisha, lakini hayo tuyaache. Leo nina hasira kidogo.

Ni ule ujumbe uliozunguka WhatsApp kwenye kundi la familia, "Haki zako trafiki akikusimamisha umekunywa". Eti usipulize. Eti dai mwanasheria kwanza, tafuna karafuu, sema una pumu. Mjomba ndiye aliyeuleta, na watu kumi na moja wakaweka dole gumba. Mjomba, shikamoo. Nakumbuka nani alinilipia ada ya muhula wa kwanza nilipoanza digrii ya uuguzi, kwa hiyo utanisamehe. Lakini ujumbe ule utaua mtu, na linaloniudhi zaidi ni lile neno "haki" walilolibandika juu yake.

Kwanza niwaambie ilivyo huku. Mwezi uliopita nimetoka zamu saa moja na nusu asubuhi, macho mekundu kama mtu aliyekesha baa, nikasimamishwa Parramatta Road. Askari akanisogezea kidude dirishani, akasema hesabu moja mpaka kumi. Nikahesabu. Akasema asante, nenda. Basi! Hakuniuliza natoka wapi, hakuzunguka gari akitafuta taa mbovu. Mbele yangu palikuwa na gari la mtu mwenye pesa zake, nyuma yangu fundi na pikapu ya ngazi, na wote tulihesabu. Sijapata kuona trafiki akimtendea tajiri na fundi sawasawa hivyo, na mimi haki naielewa hivyo.

Utaratibu huu ulianza katika jimbo hili la New South Wales tarehe 17 Desemba 1982. Polisi hahitaji kukushuku ndipo akupime, anaweza kumsimamisha dereva yeyote. Mwaka 1982 barabara za jimbo hili ziliua watu 1,253. Mwaka 1983 zikaua 966. Watu walilalamika wakati ule pia, eti uhuru wao unaingiliwa. Hao karibu mia tatu ambao hawakufa, nani alikuwa anawaulizia uhuru wao?

Sasa hizo haki. Zipo, tena nzuri, ila si zile za kwenye ujumbe. Huku askari hawezi kukufuata nyumbani kwako akupime, wala baada ya saa mbili kupita tangu uendeshe. Jina, anwani na leseni utatoa, lakini akikuuliza umekunywa ngapi hulazimiki kujibu. Ukizidi kiwango barabarani unapelekwa kwenye mashine kubwa, na matokeo yake unapewa kwa maandishi. Huamini mashine? Unaweza kuomba damu yako ichukuliwe na kupimwa kwa gharama yako. Halafu kuna mahakama. Lakini kukataa kupuliza haimo, na mwanasheria hasubiriwi.

Kuna kijana wa nyumbani, anakaa upande wa Blacktown, jina lake naliacha. Alikunywa kwenye ubatizo, akakamatwa akirudi. Kituoni akafumba mdomo, maana alisoma ujumbe kama wa Mjomba. Huku kuikataa ile mashine kunaadhibiwa sawa na kulewa kwa kiwango cha juu kabisa, na hata kwa kosa la kwanza kifungo chaweza kufika miezi 18. Angepuliza akakutwa na 0.06, tangu Mei 2019 ni faini na leseni kusimamishwa miezi mitatu. Yeye akafungiwa kuendesha, akapoteza kazi ya kusambaza mizigo. Leseni iliporudi, gari lake limefungwa kifaa cha kupuliza, hujapuliza halitii moto, na anakilipia mwenyewe kwa miaka miwili. Mke wake alinipigia simu akilia, ada ya mtoto Mbeya haijatumwa. Hiyo ndiyo "haki" aliyotumiwa kwa simu.

Najua mtasema, wewe uko kwa wazungu, polisi wao hawali kitu kidogo. Nani kawaambia? Kati ya 1995 na 1997 tume ya Jaji James Wood ilichunguza polisi wa jimbo hili hili, na ilikuta uozo mtupu, askari wamerekodiwa kwa kamera ya siri wakigawana hela. Na Marcus Einfeld, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Shirikisho, alidanganya kuhusu faini ya mwendo kasi ya dola 77, akasema gari aliendesha rafiki yake, kumbe rafiki alishafariki. Mwaka 2009 akafungwa. Jaji! Kwa dola 77! Watu ni walewale jamani. Dawa yake ni namba iliyoandikwa na karatasi ya matokeo, na hiyo ndiyo ya kumdai trafiki wa Dar. Mwambie, "Afande, nipime, nionyeshe namba, niandikie." Anayekunywa hataki kusema hivyo, ndiyo maana anatoa elfu kumi na kuondoka amelewa. Halafu tunamlaumu trafiki peke yake.

Na mimi nipo upande mwingine wa jambo hili. Dereva akiletwa kwetu baada ya ajali, sheria inataka damu ichukuliwe, na daktari asipokuwepo nachukua mimi muuguzi. Ngozi siisafishi kwa spiriti, isije ikasemwa kipimo kimeharibika kwa spiriti yangu. Chupa zinafungwa, zinaingia kwenye kisanduku chenye kufuli. Mlevi mara nyingi ana mchubuko tu wa paji la uso. Pazia la pili ndiko aliko mtu ambaye hakunywa chochote.

Mjomba, sheria ya nyumbani ya mwaka 1973 inaruhusu miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, huku ni 50. Sasa piga hesabu nami. Bia moja ya nyumbani ya mililita 500 mwili unahitaji kama saa mbili kuimaliza. Ukinywa sita kwenye send-off ya Neema, ukalala saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi damu yako bado ina pombe. Supu ya makongoro haiiondoi, wala kahawa, wala maji baridi.

Na saa kumi na mbili asubuhi ndiyo mmepanga kuondoka kwenda Moshi, wewe kwenye usukani na watoto sita nyuma, wawili wakiwa wangu.

Pesa ya dereva nimeshatuma kwa Mama, ya kwenda na kurudi, na chakula chake. Wewe kaa kiti cha mbele, Mjomba, uchague muziki. Sasa naoga, naingia zamu saa moja usiku.