Huna Karatasi? Kesi Unayo

Muulize kijana aliyedhulumiwa malipo ya mjengo Kawangware kwa nini hajashtaki, atakwambia, "Sikuandikiwa chochote." Foromani alimwambia hana kesi. Majirani wakamwambia vivyo hivyo, na hata jamaa zake waliosoma. Wote wamempotosha, na wengi wao wanaamini wanamshauri vyema.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema, katika kifungu cha 8, kwamba inahusu mikataba ya mdomo sawa na ya maandishi. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe, na anayewajibika kuuandaa ni mwajiri. Sasa karatasi isipokuwepo, aliyevunja sheria ni nani? Kifungu cha 10 kinajibu: kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi unamwangukia yeye. Kwa hiyo karatasi ile ile isiyokuwepo, inayotumiwa kumtisha kibarua, inapaswa kumnyima usingizi tajiri wake.

Chukua mjengo wa ghorofa sita pale Gatina. Mtu wa mkono anapandisha mchanga begani tangu Jumatatu hadi Jumamosi, jina lake linasomwa kutoka daftari la foromani, jioni ya mwisho pesa inaingia kwa M-Pesa. Anaitwa kibarua, naye anajiita kibarua. Lakini kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haitazamiwi kuisha ndani ya miezi 3, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Anastahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Ni nani aliyewahi kumaliza ghorofa sita kwa miezi 3?

Wanaolipwa kwa kipande wawe macho. Mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi wa Krystalline Salt, Mahakama ya Rufani ilitofautisha kazi ya kipande na kibarua cha siku, na ngao ya kifungu cha 37 haikuwafaa. Matajiri wanaijua sana tofauti hiyo. Ndiyo maana mtu anayelipwa kwa siku asikubali kuitwa mtu wa kipande kwa sababu tu foromani amebadilisha kichwa cha daftari.

Najua nitakachojibiwa: neno la mdomo halina ushahidi. Lina ushahidi tele! Jumbe za M-Pesa za kila Jumamosi kutoka nambari moja, sauti ya foromani kwenye WhatsApp akikuita uje mapema kesho, wenzako watatu mliochanganya saruji pamoja. Usifute jumbe hizo. Ukibadilisha simu, zihifadhi kwanza.

Wasanii wa Kibera nao wanaumizwa na ujinga huo huo kwa njia nyingine. Kijana anarekodi bure kwa prodyusa, hakuna kilichoandikwa, kisha wimbo ukishika anaambiwa si wake tena kwa kuwa studio ndiyo iliyogharimika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi na utiwe sahihi na anayeitoa, la sivyo hauna nguvu. Prodyusa anaweza kudai haki katika rekodi aliyoigharamia, lakini mashairi na tuni uliyoitunga hajakunyang'anya kwa ukimya. Hapa karatasi isiyokuwepo inamlinda msanii. Anayestahili kuogopwa ni yule anayekuja na kurasa nane usiku wa manane na kukuhimiza utie sahihi kabla gari halijaondoka.

Wanaofaidika na uongo huu hawahitaji hata kuusema. Wanakaa kimya na muda unawafanyia kazi, kwa kuwa madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3, na hesabu inaanza siku ile unapoambiwa langoni usirudi kesho.