Sitara Si Kumficha Dhalimu

 

Ndugu Waislamu, mwaka 2009 ilitoka Marekani filamu iitwayo Precious, iliyoongozwa na Lee Daniels kutokana na riwaya ya mwandishi Sapphire. Inasimulia habari za binti wa miaka 16 katika mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1987. Baba yake mzazi amemwingilia hata akambebesha mimba mara mbili. Mama anajua, lakini badala ya kumkinga mwanawe, anamwonea wivu, anampiga na kumtukana.

Wapo wanaosema: hayo ni ya makafiri waliokosa haya, sisi yanatuhusu nini? Hatumwiti mtu kwenda kuitazama filamu ile. Lugha yake ni chafu na haifai watoto. Lakini hoja hiyo haina mashiko. Mwaka huohuo wa 2009 ulifanyika hapa Tanzania utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Je, hao nao ni watoto wa Harlem?

Kwa nini wananyamaza? Kwa sababu wanajua tutawafanyia nini. Mtoto akisema, ukoo unakutana usiku. Mtuhumiwa anaomba radhi, inatolewa fedha au mbuzi, na mtoto anaambiwa asitangaze aibu ya nyumba. Kisha tunaomba dua, tunatawanyika. Kikao kile tunakiita suluhu, na ukimya wetu tunauita sitara.

Huku ni kuidhulumu dini baada ya kumdhulumu mtoto. Sitara iliyosifiwa ni kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Jeraha la mtoto ni haki ya mja, na haki ya mja haisamehewi na wajomba kwa niaba yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba suluhu baina ya Waislamu inajuzu, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Na Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi ndugu yako aliyemharibu mtoto ametolewa katika aya hiyo kwa dalili gani?

Sheria ya nchi nayo haikuacha upenyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mwanamume anayemwingilia maharimu wake aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamwajibisha kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Sisi wa Hombolo tuna udhuru gani, ilhali chuo kinachofundisha watumishi wa serikali za mitaa kimejengwa hapahapa kwetu?

Enyi wazee wa ukoo, acheni vikao hivyo vya usiku. Enyi wazazi, tenganisheni malazi ya watoto kama tulivyoamrishwa, wala msidhani kila jamaa ni amini kwa kuwa ni jamaa. Nasi walimu wa madrasa, mtoto aliyebadilika ghafla tumsikilize kabla ya kushika bakora. Hata katika filamu ile, aliyemfungulia binti njia ni mwalimu aliyemfundisha kuandika habari zake. Likithibiti jambo, au likishukiwa, lifikishwe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au ipigwe simu namba 116, ambayo haina malipo.

Surat At-Takwir inatukumbusha kwamba binti aliyezikwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama. Waarabu wa Jahiliya walimzika kwa mchanga. Tuogope tusije tukasimamishwa pamoja nao kwa kuwa sisi tulimzika kwa ukimya.

Wabillahi tawfiq.